Shingo ya Othmani na Apdeti Isiyoonjwa

Mama Nasra ndiye aliyeniomba radhi. Lishikeni hilo kwanza, mengine nitawaeleza.

Alikuwa ametoka kuswali adhuhuri nyuma ya duka lake, mtandio bado uko begani. Akakuta kioo cha kompyuta cheusi, mashine ya kudarizi imesimama na sindano zake zote ziko juu, na mimi nimesimama katikati nimeshika waya wa umeme kama mtu aliyetoka kuua nyoka. Akauliza kulikoni. Nikamwambia umeme umepiga, umepita na mafaili. Akakaa kwenye benchi la wateja, akatazama sakafu, halafu akaniambia maneno ambayo mpaka leo nikikaribia Mtaa wa Sikukuu nayasikia.

"Nisamehe, fundi. Marehemu mume wangu aliniusia nisiwashe kitu bila stabilaiza, nami nimekuacha ufanye kazi hivihivi. Nimekuponza."

Kisha akamtuma Zuhura, binti anayemshonea, akaninunulie soda ya baridi. Nikainywa. Niliinywa yote, nikarudisha na chupa.

Umeme haukupiga siku ile. Waya niliuchomoa mimi kwa mkono wangu, baada ya kuona maandishi mekundu yamekijaza kioo, yanasema mafaili yote yamefungwa na anayeyataka alipe. Nilichomoa ili mama asiyaone. Ndivyo tulivyofundishana pale kijiweni. Hemedi, ambaye nitamtaja sana humu na simuogopi, alikuwa na msemo wake: mteja akiuliza, sema umeme, maana umeme haujibu.

Mimi naitwa Longino. Nyinyi mnaokaa sasa kwenye meza za mitaa ya Agrey na Narung'ombe mnaniita Mzee Longi, wakati kichwani nina mvi za kuhesabika. Shule niliishia la saba kule Masasi, nikaja Bongo kubeba mizigo sokoni, mgongo ukakataa, nikaingia kwenye ufundi wa kompyuta kwa mlango wa nyuma. Sasa nimeacha. Nauza rangi na misumari kwenye duka la shemeji yangu Mbagala, na kopo la rangi halina vairasi. Mmeniomba niandike kuhusu kazi, ili wadogo wapate cha kushika. Mlitegemea niandike ya kujisifu. Ya kujisifu ninayo machache, yatakuwepo humo njiani. Lakini nimeandika kwa sababu ya Mama Nasra.

Kazi yetu sisi wa zamani ilikuwa kufufua mashine zilizokataliwa. Makontena yalikuwa yanashuka bandarini na kompyuta zilizochoka huko zilikotoka, zinakuja huku kuanza maisha. Zinakwenda kwa makarani wa mizigo, kwa wauza stesheneri, kwenye madrasa, kwa mafundi wa kudarizi. Mwenyewe ana programu moja tu anayoijua, imemlisha miaka, na programu hiyo inakaa kwenye XP, ile Windows ya zamani, na si pengine. Ukimwambia anunue mashine mpya anakuona mwizi. Wenye Windows yao walishaacha siku nyingi kuletea XP masasisho, wenye programu nao wamehama au wamefunga. Mteja anakuja anasema, fundi, hii kitu inakataa, inataka apdeti. Wewe ndiye wa kujua hiyo apdeti inapatikana wapi duniani.

Aliyenifundisha kuitafuta ni Mzee Pazi. Huyu alianza na taipureta, akiwatengenezea makarani wa kule karibu na bandari, na taipureta zilipokufa akahamia kompyuta bila kulalamika. Alikuwa mtu wa Rufiji, mrefu, anakunywa chai ya rangi kutwa nzima na anachukia haraka.

Siku moja nilihangaika na mashine ya dada mmoja wa stesheneri, kila ukurasa wa intaneti ninaofungua unakataa, unasema hauwezi kuniamini. Bando la kwanza likaisha. Nikanunua la pili. Nikabadilisha programu ya kuingilia mtandaoni, nikafuta vairasi ambao hawakuwepo, nikatukana. Mzee Pazi akaja na kikombe chake, akasimama nyuma yangu, akaonyesha kidole kwenye kona ya chini ya kioo.

"Longino, hapo ni mwaka gani?"

Nikatazama. Mashine ilikuwa inaamini tuko nyuma huko, enzi bado hata sijaoa. Kile kijibetri cha mviringo kama kifungo cha koti, kinachokaa ndani kuishikia mashine saa, kilikuwa kimekufa. Kila ikizimwa inasahau. Kurasa za leo zikiulizwa na mashine ya zamani zile zinaona tapeli, zinafunga mlango. Mzee Pazi akabadili kijibetri, akaweka saa sawa, kila kitu kikafunguka. Wiki nzima kijiwe kizima kikawa kikiniona kinaniuliza, Longi, leo ni mwaka gani? Basi shikeni hilo: kabla hujatafuta apdeti yoyote, tazama saa ya mashine.

La pili lilinipata kwa ustadhi mmoja wa madrasa. Alitaka programu ya kuandikia mitihani ya watoto isasishwe, na mimi nikaingia kwenye ukurasa mmoja wenye kitufe kikubwa cha kijani kinachopepesa, nikakibonyeza. Kesho yake ustadhi akaniita. Pembeni ya mtihani wa watoto walikuwa wanachungulia wanawake wenye nguo za kuogelea, ukimfunga mmoja wanakuja wenzake. Ustadhi hakukasirika. Aliniuliza kwa upole tu, fundi, na hawa nao wamejiandikisha kufanya mtihani? Niliyasafisha yale kwa siku mbili huku nimeinamisha kichwa. Mzee Pazi akaniambia kitufe kinachokupungia mkono si cha kwako. Nenda kwa aliyeitengeneza programu yenyewe, tafuta kwake matoleo ya nyuma, yako chini kabisa, kwa maandishi madogo yasiyopendeza. Na usichukue toleo jipya kuliko yote, chukua la mwisho linaloikubali hiyo Windows uliyonayo. Vijana wengi hapo ndipo mnapoharibu. Mnampa mzee chakula cha kijana, anatapika, mnasema mzee mbovu.

Lakini kubwa kuliko yote alilotuachia Mzee Pazi lilikuwa kuonja.

Kijiwe chetu kilikuwa na diski moja ya pamoja, ile ya nje ya kuchomeka. Intaneti ilikuwa ghali na meza zetu zilikuwa masikini, kwa hiyo aliyepata kitu kizuri, draiva, apdeti, programu ya zamani, anakitia kwenye diski, wote tunatumia. Diski inazunguka meza kwa meza. Sheria ya Mzee Pazi ilikuwa moja: kitu hakiingii kwenye diski mpaka kionjwe. Tulikuwa na kompyuta moja chakavu chini ya meza yake, pembeni imemeguka, feni inakohoa, tukiiita Bibi. Ukishusha kitu kutoka mtandaoni, unampa Bibi kwanza. Kinakaa kwa Bibi mpaka Ijumaa inayofuata. Bibi akiamka mzima, unakihamishia kwenye diski, na juu ya folda unaandika jina lako na neno imeonjwa. Bibi akizidiwa, tunapiga Windows upya, tunampa pole, na kile kitu kinatupwa. Yule mama wa kupika pilau hasubiri wageni wamwambie chumvi imezidi, alikuwa anasema hivyo Mzee Pazi, halafu anapuliza chai yake. Jina lako kwenye folda lilikuwa kiapo. Nimekaa miaka pale, sijawahi kuona mashine ya mteja inakufa kwa kitu kilichoonjwa.

Mzee Pazi miguu ikamvimba, wanawe wakaja kumchukua wakampeleka Rufiji. Meza yake akaichukua Hemedi, na ukubwa wa kijiwe akauchukua pamoja na meza. Hemedi ni mtoto wa mjini haswa, mtanashati, mcheshi, mteja akifika kwake haondoki mikono mitupu. Siku ya kwanza aliyokaa pale alimtazama Bibi, akasema hili dude linakula nafasi. Jioni yake mnunuzi wa vyuma chakavu akapita na mkokoteni. Hemedi akamuuza Bibi kwa kilo.

Fedha yenyewe ilitosha mishikaki. Akatuita wote, akagawa kwenye magazeti, na pilipili. Mafundi wenzangu, Kitwana na Msabaha, walikula, na mimi nilikula. Nakumbuka nilimuuliza Hemedi, sasa tutaonjea wapi? Akanijibu huku anatafuna, Longi, siku hizi kuna antivairasi, wewe umebaki na mambo ya wazee. Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Folda zikaendelea kuandikwa imeonjwa, kwa mazoea tu, kama mtu anavyoandika ndugu mpendwa kwenye barua ya mtu asiyempenda.

Sasa niwapeleke kwa Mama Nasra.

Duka lake ni dogo, lipo Sikukuu, wanadarizi shingo za kanzu, majoho ya maharusi na nembo za sare za shule. Mwanzilishi ni mumewe, Othmani. Yule bwana alikuwa anakaa mbele ya kompyuta anachora nakshi kwa kipanya, mchoro mmoja unaweza kumchukua mwezi. Akimaliza, kompyuta inautuma kwenye mashine, na sindano zinashona alichochora, uzi kwa uzi. Ukienda msikitini Ijumaa ungeweza kumjua mtu aliyevaa shingo ya Othmani hata akiwa safu ya mbele na wewe uko mlangoni. Maharusi walikuwa wanasubiri zamu. Othmani alipofariki, michoro yote ilibaki kwenye ile kompyuta moja ya XP, na mjane akaendelea kula kwa mkono wa mumewe. Anachofanya ni kuchagua mchoro, kubadili rangi za nyuzi, na kushona.

Kilichomfanya aniite ni shule. Walimletea nembo yao kwenye flashi, imetengenezwa kwa programu mpya, na ile ya Othmani ikasema hailijui faili hilo. Kazi ilikuwa ya sare za mwaka mzima. Akaniomba nimtafutie apdeti. Nilipokaa kwenye kiti akasimama pembeni yangu, akaweka mkono juu ya kasha la kompyuta, kama anamshika mtoto kichwani.

"Fundi Longino, humu ndani mume wangu hajaisha. Nakuomba tu usije ukampoteza."

Nikamwambia, mama, niachie mimi.

Nilitafuta kwa waliotengeneza ile programu. Ukurasa wao haukuwepo tena, walishanunuliwa na wengine, na hao wengine hawataki hata kusikia XP. Kwa Mzee Pazi ningeendelea kutafuta. Ningeandikia watu wa nje wenye mashine kama ile, ningeomba, ningesubiri. Ila mama alikuwa na shule inamngoja, na kwenye diski ya kijiwe lilikuwepo fungu jipya, limeandikwa apdeti zote za XP na za kudarizi, na mbele yake: imeonjwa, Kitwana. Nikaenda kuichukua diski. Ilikuwa kwa Hemedi. Alinipa mwenyewe, mkono kwa mkono, akaniambia kazi njema.

Na hapa kuna jambo nataka mlisikie kwa masikio yote mawili. Nilifanya nakala. Sikuwa mjinga kiasi hicho. Michoro yote ya Othmani niliinakili kwanza kwenye ile diski ya kijiwe, ndipo nikaingiza apdeti. Lakini apdeti zilikuwa kwenye diski hiyohiyo, kwa hiyo diski niliiacha imechomekwa. Mwizi akaingia nyumbani na akiba yangu nimeiweka mezani mbele yake.

Mwanzo kila kitu kilikwenda vizuri. Programu ikafunguka, nembo ya shule ikakubali, sindano zikashona ya kwanza na Zuhura akapiga kigelegele. Mama Nasra akaishika ile nembo, akaigeuza, akasema alhamdulillahi, akaenda kuswali. Mimi si mtu wa msikitini, nikabaki na mashine. Nikataka nijifurahishe, nifungue mchoro mmoja wa Othmani nimwone fundi mwenzangu. Ukakataa. Nikafungua wa pili, nao hivyo. Majina ya mafaili yalikuwa yameota mikia, herufi za ajabu mwishoni, na yalikuwa yanaota mbele ya macho yangu, moja baada ya jingine, kwenye kompyuta na kwenye diski. Kisha kioo kikawa chekundu.

Mengine mnayajua. Waya, umeme, soda.

Nilirudi kijiweni na diski iliyokufa kwapani. Nikaiweka mezani kwa Hemedi, nikawaeleza wote. Kitwana alibadilika rangi. Nilimuuliza, wewe ulionja? Akasema alikishusha kutoka ukurasa wa watu asiowajua, akaandika jina kwa sababu kila mtu alikuwa anaandika, na Bibi hakuwepo. Angeonjea wapi? Nikataka kumpiga, na ningempiga, kama Hemedi hangefungua mdomo.

"Ah, kumbe ni lile," alisema. "Mimi lilinipata juzi. Nilihamishia kwenye mashine yangu, likafunga kila kitu. Nikapiga Windows upya nikaendelea na maisha. Msilikuze."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza, juzi? Yaani kabla hujanipa diski? Akawa anafuta meza kwa kitambaa, meza ambayo ilikuwa safi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Hapo ndipo alipojibu kwa sauti ya chini, ucheshi wote umemtoka:

"Ningesema, mngeniuliza Bibi yuko wapi."

Kitwana alisikia. Msabaha alisikia. Mwenye duka la vifuniko vya simu pale jirani alisikia. Hemedi baadaye akageuza, akasema alikuwa anatania. Hakuwa anatania.

Watu wengine wangeniambia ningemaliza pale, nimgombeze Hemedi, nirudi zangu. Lakini ule uongo wa umeme ulikuwa umebaki kwa yule mama. Kila nikipita naona ameandika kwenye kipande cha boksi, juu ya swichi: usiwashe bila stabilaiza. Kwa mwandiko wake. Alikuwa anajiadhibu kwa kosa langu, na wateja akiwaeleza kwa nini hana tena shingo za Othmani anawaambia ni uzembe wake. Nililisikia hilo kwa mteja mwenyewe, alikuja mezani kwangu akinong'ona, yule mjane kaunguza mali ya marehemu kwa kutokujali. Nikaendelea kukaza skrubu. Sijui kama mnaelewa aibu ya namna hiyo. Ukiibiwa unapiga kelele, watu wanakuja. Huku unatazama mtu mwingine anabeba fuko lako, na wewe umemtwisha.

Nilikwenda na Kitwana. Nampa haki yake Kitwana, sikumlazimisha, alifunga meza akanifuata. Tulimkuta mama anashona nembo za shule, maana hiyo mashine ya kudarizi ilikuwa imeishika kichwani, ndiyo kazi iliyobaki. Nikamwambia yote, kuanzia Bibi. Kitwana akamwambia la jina. Tulipomaliza Mama Nasra akainuka, akaenda kwenye swichi, akabandua kile kipande cha boksi, akakikunja.

"Umeme niliusamehe siku ileile," alisema. "Sasa hili mnataka nilifanyie nini?"

Zuhura akatutazama kwa jicho ambalo kama lingekuwa sindano tungeshonwa ukutani. Safari hiyo hatukununuliwa soda.

Kompyuta sikuipiga Windows upya, nalo mlijue. Mkipata mashine iliyofungwa, msifute. Toeni diski yake ya ndani, mkaihifadhi. Huko nje wapo watu wanaofungua kufuli za namna hii, wakati mwingine inachukua miaka, na aliyefuta hana cha kufunguliwa. Ya Othmani nimeifunga kwenye kitambaa, ipo kwenye droo ya Mama Nasra. Kila mwezi naingia mtandaoni kutazama kama ufunguo wake umepatikana. Bado.

Aliyepata njia nyingine ni Zuhura. Alisema michoro imefungwa lakini nguo zinatembea mjini. Kila shingo aliyowahi kushona Othmani iko kabatini kwa mtu. Basi tukaanza kuzitafuta. Mimi na Kitwana tuligonga milango Gerezani, Ilala, mpaka Temeke, tunaomba watu kanzu zao za arusi. Jaribuni nyinyi kumwambia mtu mzima akupe kanzu ya arusi kwa sababu kompyuta imeugua. Mzee mmoja alitufukuza akidhani tunakusanya nguo za kwenda kuuza mitumba Mchikichini. Bibi mmoja alitoa joho lake, akalikumbatia kwanza, akasema nitalihesabu kila uzi mkilirudisha. Mama Nasra anaitandaza nguo kwenye kioo chenye taa chini, Zuhura anaweka karatasi nyembamba juu, wanafuata nakshi kwa penseli. Kisha mchoro unapigwa picha na kuchorwa upya kwenye kompyuta nyingine. Ni kazi ya kuumiza macho. Lakini Othmani amekuwa akirudi kidogokidogo, na kila nguo imerudishwa kwa mwenyewe ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi.

Na nakala tunafanya mbili. Tukimaliza, tunachomoa.

Nyingi zimepatikana. Moja haijapatikana, na ndiyo mama anayoililia kuliko zote. Ni shingo ya mwisho aliyoichora Othmani, akiwa ameshaanza kuumwa, anachora kidogo anajilaza kwenye benchi, anainuka anachora tena. Mama anasema alikuwa haridhiki nayo, akifuta na kurudia, mpaka siku moja akamwita akamwambia, njoo uone, sasa nimeijua kazi. Ilishonwa kanzu moja tu kwa mchoro ule, kwa bwana harusi aliyekuwa anaoa mke wa pili. Baada ya hapo Othmani hakukaa tena kwenye kiti.

Bwana harusi yule ni Hemedi.

Hemedi wa meza ya Mzee Pazi. Kanzu hiyo anayo, anaivaa Ijumaa, nimemwona nayo Msimbazi kwa macho yangu, shingo inang'aa. Nikamfuata, nikamsalimu, nikamwomba kwa adabu zote: bwana, tuazime kanzu kwa siku moja tu, tuchore, turudishe. Akasema kanzu yake haihusiani na kompyuta za watu. Kitwana, ambaye siku hizi anauza viatu huko Mchikichini na ufundi ameukataa, alikwenda naye kuomba. Alimjibu hivyohivyo. Tukamtuma mke mdogo wa Hemedi amwombe, akarudi analia. Tunajua kinachomzuia. Hataki kuingia kwenye lile duka, kwa sababu akiingia Mama Nasra atamuuliza swali moja aliloniambia mimi, na hajawahi kuliuliza kwa mwingine: siku unampa Longino ile diski, ulijua inakuja kwangu?

Nami ninajua jibu. Nilimwambia Hemedi kazi ni ya nani nilipokwenda kuichukua. Nilimtajia Sikukuu, nikamtajia mjane wa Othmani. Akaniambia kazi njema.

Vijana, la kuonja mmelisikia. Tafuteni dude lolote chakavu, mlipe jina mnalotaka, mlilinde. Atakayekuja kuwaambia linakula nafasi, mwambieni akae yeye chini ya meza.

Haya yaliyobaki si yenu. Nimeyaandika kwa sababu najua mtampelekea asome, mko naye hapo kila siku, mnakula naye.

Hemedi, mimi nimekwenda nikasema langu na aibu yangu naitembeza mjini. Kitwana amekwenda. Mzee Pazi yuko Rufiji hajui, na kama angekuwa na miguu angekwenda hata yeye. Umebaki wewe. Mama Nasra anafungua asubuhi, anafunga magharibi, Ijumaa anafunga mchana. Hakuna atakayekupiga, hakuna atakayeita watu. Kioo cha kuchorea kiko tayari na Zuhura ana penseli. Ivue hiyo kanzu, uibebe mwenyewe mkononi, usimtume mkeo, uiweke mezani mbele ya yule mama. Halafu akikuuliza, mjibu. Na usimwambie umeme.